Jina la Papa kwenye Chemchemi

Jumatatu, 4 Machi
Darasa asubuhi, mihogo mchana. Kamati ya utawala wa sekta imepita tena. Chemchemi yetu hapa Gashonga itawekewa jiwe la kumbukumbu. Nimefurahi mno. Papa, baba yetu, ndiye aliyeijenga, mwaka niliozaliwa, alipovuka kutoka Bukavu na Maman na mwiko wake wa uashi. Kaka yangu Dezire ameitwa kutoa historia. Vizuri. Yeye ndiye mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilishuka Kamembe kwa moto, pikipiki ya abiria, kununua chaki. Nikapita kwa fundi anayechonga mawe. Jiwe liko tayari. Limeandikwa jina la baba mkwe wa Dezire. Nimesoma mara tatu. Fundi akanionyesha karatasi aliyopewa. Mwandiko wa kaka yangu.
Sikununua chaki.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemfuata Dezire kwake. Hakukana. Ati mkwewe alitoa simenti, na hiyo nayo ni kujenga. Shamba analolima ni la mkwe. Nyumba pia.
"Dezire, umemufuta Papa."
"Papa alishakufa. Miye ninaishi nabo."
Nimetoka bila kuaga. Kama ningeweza kumchukia, ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 11 Machi
Kamati wamenisikiliza kwa adabu. Wanataka karatasi au shahidi. Karatasi hatuna. Shahidi yupo, Maman. Lakini nikimleta, atajua mwanawe amefanya nini. Dezire ndiye Maman anayempenda kuliko sisi wote, nimelijua hilo tangu utoto.
Nimewaambia hakuna shahidi. Nimelia njia nzima.

Jumamosi, 16 Machi
Leo wamefunua jiwe. Nilimchelewesha Maman makusudi, tukafika hotuba zimekwisha na watu wanatawanyika. Amevaa kitenge chake cha kuendea harusi za watu. Hajui kusoma. Alipapasa herufi kwa vidole.
"Bameandika nini?"
Nikamsomea jina la Papa. Lote, hata la ubatizo.
"Na Bukavu?"
"Na Bukavu, Maman."
Akataka nirudie. Nikarudia. Dezire alikuwa kando yetu, akaanza kulia. Maman akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwambia hata yeye anamkumbuka Papa.
Tumerudi polepole, magoti yanamsumbua. Njia nzima alimsifu Dezire, jinsi alivyoieleza kamati vizuri historia ya baba yake. Nikawa naitikia.