Ametulia Kama Ulivyosema

Kambi ya barabara, 4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila miguu yangu inavimba jioni. Wewe na presha yako mnaelewanaje? Huku mtandao bado haujafika, kwa hiyo barua zitaendelea kupanda lori la kambi, Jumanne na Ijumaa.

Nina swali ambalo, mama angekuwepo, ningemuuliza yeye. Stoo ninayofanyia kazi iko hatua chache tu kutoka mashine ya kusaga kokoto. Ikiwashwa asubuhi, mtoto anaruka! Leo kapiga teke mpaka daftari la vipuri likaniponyoka. Mkwe wako anacheka, eti atazaliwa fundi mitambo. Ni kweli anasikia, au ni mimi ninayeshtuka? Nina wiki ya ishirini na nane.

Binti yako


Nyumbani, 8 Februari

Binti yangu,

Marahaba, mama. Presha yangu ni tulivu maadamu sisikilizi taarifa ya habari. Ukikaa, weka miguu juu ya kreti.

Umemuuliza mtu aliyefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, basi kwa urefu wa barua hii jilaumu mwenyewe. Anasikia. Masikio yake yalianza kazi wiki kadhaa zilizopita. Kelele za nje zinamfikia zikiwa zimefifia, kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji huku wenzake wanagombana pembeni. Sauti yako ndiyo anayoipata vizuri kuliko zote, maana inapitia mwilini mwako. Anameza yale maji yaliyomzunguka, kisha anakojoa humo humo (usikunje uso, ndivyo sote tulivyofanya). Anafumbua macho, ananyonya kidole, analala na kuamka kwa ratiba yake. Ukisikia midundo midogo inayofuatana, ujue ana kwikwi.

Wiki za mwisho nafasi itambana, naye atatulia. Usishtuke.

Hiyo mashine lakini, omba wakuhamishie meza mbali nayo.

Baba yako


Kambini, Ijumaa 24 Machi, asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ni uchovu tu.

Mjukuu wako ametulia kama ulivyosema. Mashine inanguruma, yeye kimya. Jana nilimsikia mara mbili. Leo kidogo sana, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kutaka. Mkwe wako ameniandama wiki nzima: "Panda lori twende hospitali!" Nikamwambia, "Wewe unajua lami, baba yangu anajua viumbe." Nikamsomea barua yako, pale penye nafasi kumbana. Akaenda kukaa nje, chakula hakugusa.

Kliniki yangu ni Jumanne. Naweza kungoja, sivyo?

Binti yako


Nyumbani, Ijumaa 24 Machi, saa tisa alasiri

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nenda hospitali sasa hivi. Usingoje Jumanne, wala kesho. Mwenye pikipiki aliyekuletea barua hii nimemwambia asiondoke mpaka akuone umepanda gari.

Barua yako ilipofika nilivuka njia kwenda kumsomea jirani yetu, mkunga mstaafu. Nakiri, nilikwenda kujisifu. Hakuniacha nimalize.

"Mwalimu, nani kakwambia mtoto hupunguza kucheza?"

"Nafasi inambana," nikasema.

"Inambana asirushe mateke! Atajipinda, atasukuma kiwiko, atajigeuza. Lakini kucheza anacheza mpaka siku ya kuzaliwa. Akipunguza, anaomba msaada. Wewe umefundisha panzi na vyura, mwache binti wa watu aende kwa wakunga!"

Anasema kweli. Nilikuandikia ninachodhani kwa sauti ile ile ya ninachokijua. Mume wako ndiye aliyekuwa sahihi. Nenda.

Baba yako


Nyumbani, Jumanne 28 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Niambie kwamba hujambo. Lori limekuja bila barua. Dereva anasema stoo imefungwa na mlango wenu una kufuli, zaidi ya hapo hajui. Mwenye pikipiki ameapa kwamba alikuona ukipanda gari la msimamizi, mkono mmoja tumboni. Nimepiga simu hospitali, inaita tu.

Leo sina la kueleza. Barua hii naituma huko hospitali kwa basi. Niandikie hata neno moja, liwe lolote lile.

Baba yako


Hospitali, Alhamisi 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Nikisema sisi, nasema mimi na yeye. Simu ya hapa ni mbovu, na yangu niliiacha kambini.

Walipoweka kipimo tumboni, moyo wake ulikuwa unapiga kwa kusuasua. Kondo la nyuma lilikuwa limechoka, hewa na chakula havimtoshi, akawa anatunza nguvu zake kwa kutotikisika. Nilipasuliwa kabla ya nusu saa kwisha. Msichana, kilo mbili kasoro robo. Hakulia. Nilisikia mkasi ukiwekwa kwenye sinia, nikasikia viatu vya daktari, kila kitu isipokuwa yeye. Kisha akakohoa kama mzee. Tangu juzi anapumua mwenyewe.

Nimekasirika, Baba. Sitaki uje ukidhani sikukasirika. Daktari anasema Jumanne asingefika. Lakini wiki nzima nilimgombeza mume wangu kwa ajili ya mstari wako mmoja, na moyoni nilishajua. Hilo ni kosa langu.

Sasa sikiliza. Hapa watoto wadogo namna hii hulazwa kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, wapate joto. Mshono wangu unauma, na mkwe wako Jumatatu anarudi kazini. Kazi yenyewe ni kuvua shati, kukaa na kupumua, bila maneno.

Basi la asubuhi linafika huku saa nne. Kata kucha, uje.

Binti yako