Kifo cha Malkia Sarange

Ikonge, Nyamira
Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka yangu Ochoki,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya Kanada imepungua na kifua chako kimepona. Sisi tu wazima. Baba bado anachuma majani chai ingawa goti linamsumbua, na kila Sabato ananiuliza kama mmepata kanisa.

Riwaya yangu imekubaliwa na mchapishaji wa Nairobi. Ni ya nchi ya Rigena, ile tuliyoibuni tukiwa shuleni, mimi, wewe na Ilwad wa duka la vitambaa pale Kisii mjini. Vitabu vyako viwili na hadithi za Ilwad zinatokea humohumo, kwenye mito inayopanda mlima. Changu kinajitegemea, hata asiyesoma vyenu atakielewa.

Ilwad alikisoma mwezi uliopita. Alipomaliza alinipigia simu, akauliza kama ulikubali. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mokeira, Ochoki hawezi kukubali hilo." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Unaijua kanuni yetu: mhusika wa mwenzako humuui bila idhini yake. Mchapishaji naye alitaka idhini zenu kwa maandishi.

Kaka, Malkia Sarange nimemuua. Najua ulimuumba mwaka tuliomzika mama, ukampa kicheko chake, na katika kila kitabu chako anaokoka. Wewe ulikuwa bwenini. Mimi ndiye niliyemshika mama mkono mpaka ukapoa, na hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje. Sura ya kifo cha Sarange niliiandika kwa siku moja, kisha nikashindwa kuigusa tena. Niliogopa utakataa. Kwa hiyo saini yako kwenye fomu niliighushi mimi.

Alhamisi nilimpigia mhariri nikamwambia ukweli. Alinikaripia vibaya, akasimamisha kazi yote. Bila saini yako halisi kufikia mwisho wa mwezi, mkataba umekufa. Ilwad nilimwandikia ujumbe, hajajibu.

Barua hii anakuletea Mose wa jirani, anasafiri kesho. Ndani kuna sura hiyo na fomu mpya. Tafadhali anza na sura. Ukikataa kutia saini sitakulaumu, na kitabu kitabaki hapa nyumbani. Lakini Sarange sitamfufua, hata kwa ajili yako.

Msalimie wifi yangu Emily, na umkumbatie mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Baba hajui lolote kuhusu haya.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea,
Mokeira