Debe la Pombe ya Ndizi Limegeuka Hatia

Gitega, Jumanne usiku

Basi, hongera kwa mdogo wangu Yonasi. Leo mahakamani Muyinga amesema kweli tupu, na kweli imemlipa mwaka mzima gerezani.

Kosa lenyewe ni ngumi moja. Alimpiga jirani walipotukanana kwenye mpaka wa shamba, wala hakukataa. Jaji akamuuliza kama amewahi kuhukumiwa. Jibu ni hapana, hata kuku angelijua. Yonasi wangu akasimama wima: "Ndiyo, mheshimiwa. Mara moja, kule Butihinda, na adhabu niliimaliza."

Adhabu! Mbuzi wake walikula maharage ya watu, na bashingantahe, wale wazee wasuluhishi wa kilima chetu, wakamtoza debe la pombe ya ndizi. Tukainywa wote, mwenye maharage akiwa wa kwanza kushika mrija, mambo yakaisha hapo hapo.

Mwendesha mashtaka, Mungu ambariki, uso ulimng'aa kama bwana harusi. "Residivisti!" Yaani mkosaji sugu. Hakuna aliyeuliza alihukumiwa na mahakama gani. Niliposimama kueleza, polisi akanikalisha. Wakili hatuna, bila shaka. Jaji akasema angempa miezi michache tu, ila kwa kuwa si mara yake ya kwanza...

Nitakata rufaa. Sijui hata naanzia mlango gani, na naogopa.

Walipomtoa na pingu, alinigeukia akitabasamu. "Dada, si nimejibu vizuri?"

Nikamwambia, vizuri sana.