Mkubwa Aliyeingia Bila Kuitwa

Geita,
20 Juni 1954

Mdogo wangu mpenzi Maduhu,

Ignas, karani mwenzangu wa stoo hapa mgodini, anasema: "Mkubwa akiingia kwenye ugomvi wa wadogo, ugomvi huisha." Ni uongo, nami nitauvunja hapa hapa. Lakini kwanza marahaba, maana najua shikamoo yako imekwisha kutoka. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi. Mwanao Justa hajambo? Mtama mmemaliza kuvuna hapo Samuye? Yule ng'ombe mwekundu amezaa?

Sasa Ignas. Gazeti lilitufikia likiwa na wiki tatu, likasema Wafaransa wamepigwa huko Indochina na Marekani inafikiria kuingia. Ignas alifurahi. Nikamwambia, mbele ya wote waliokuwa wakinywa uji kwa Bhoke, kwamba Marekani imekwisha kuingia zamani. Ilianza kwa fedha, zikafuata silaha, wakaja washauri, na mwaka huu mafundi wa ndege. Kila msaada unatumwa kuulinda uliotangulia, na mambo yakiharibika husema kosa ni kuleta kidogo. Ignas akaniita Bwana Magazeti, akasema Marekani haina habari kama nimezaliwa. Watu wakacheka. Nikapandisha sauti: hao wenye nchi yao, nani aliwauliza?

Ndipo Bhoke, ambaye nilishamsimulia mambo ya nyumbani kwetu, akasema bila kuacha kukoroga: "Na wewe, Baba Esta, kwa mdogo wako uliitwa na nani?"

Maduhu, niliweka kikombe chini, nikaja kukuandikia.

Ulipokosana na mkeo Generosa, nilianza kwa barua za ushauri. Nikaleta baiskeli, ili usiazime tena ya baba mkwe wako. Kisha nikamweka Shangazi Limi kwako atazame mambo, na mpaka leo yupo, ufunguo wa ghala kiunoni, anapima hata chumvi. Generosa akachoka, akaenda kwao Runzewe. Nikakwambia amekutupa.

Hakukutupa. Mwezi wa tatu baba yake alikuandikia kwa anwani yangu ya mgodini, kama barua zako zote, maana wewe huna sanduku la posta. Alisema binti yake yuko tayari kurudi, uende mwenyewe kumchukua, na jembe moja la kumtaka radhi mama mkwe. Niliifungua. Nikaona jembe lile litakushushia heshima. Nikajibu kwa jina lako kwamba huendi mpaka Generosa akuombe radhi kwanza. Nawe sikukwambia neno. Nilidhani nakulinda, ndugu yangu, kumbe miezi mitatu mtoto anaulizia mama yake kwa sababu ya ulinzi wangu.

Barua ya mzee nimeitia humu. Yeye pia nimemwandikia, safari hii kwa jina langu, nikakiri yote. Ukinikasirikia una haki. Nilikubeba mgongoni tangu hujaota meno, na nadhani sikupata kukutua.

Mpe Justa busu la baba yake mkubwa. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Hapa soma kwa sauti. Shangazi Limi, asante kwa kazi niliyokutuma. Ni mimi niliyekosea kukutuma. Mpe Maduhu ufunguo wake, urudi kwako kabla ya Jumapili. Nawe Maduhu, chukua jembe, panda lori la Kahama, nenda Runzewe kamchukue mkeo. Usiningoje. Mimi siji.

Kaka yako akupendaye,
Januari Mageni