Sauti ya Filimbi Nyumbani Al-Safa

Jumapili, 4 Machi 2018
Mashati kumi na moja leo. Chumba cha pasi kimepakana na cha Lulwa, binti wa waajiri wangu hapa mtaa wa Al-Safa, kwa hiyo napiga pasi huku nikisikiliza fidla. Konserto ileile, mwezi wa tatu sasa. Aliniambia konserto ni fidla moja na okestra nzima. Hapa okestra iko kwenye simu yake.

Naipenda. Sikutegemea. Ina sehemu tatu na imejengwa kinyume, anasema: nyingi huanza kwa kasi, hii iliyotungwa karne iliyopita huanza taratibu, kama mtu anayeamka. Kasi iko katikati. Sehemu ya katikati nikiisikia naunguza kola.

Jumanne, 6 Machi
Lulwa amelia. Ana miaka kumi na saba, anataka kusomea muziki ng'ambo. Baba yake, anayefanya kazi Riyadh, kule Olaya, anakuja Ijumaa kumsikiliza. Asiporidhika, halas, imekwisha, binti atasomea biashara.

Mwalimu wa piano aliyekuwa ashike upande wa okestra amesafiri kwao ghafla. Simu nayo haimsubiri mtu. Lulwa akichelewa kidogo, okestra imeshampita.

Apige peke yake basi? Haiwezekani. Nimeisikia mara nyingi, najua. Mwisho wa sehemu ya kwanza wimbo wa mwanzo unarudi, lakini si kwa fidla. Filimbi ndiyo inayouimba. Fidla inatetemeka tu juu yake, inaupamba. Ukiitoa filimbi, unabaki na mbu.

Jumatano, 7 Machi
Nimefanya ujinga. Nimemwambia Lulwa naweza kuimba sehemu ya filimbi.

Miaka tisa kwenye kwaya Kakamega, noti za solfa nazisoma kama gazeti. Nikaandika noti nyuma ya boksi la tishu, nikaimba. Akapiga juu yangu. Alikuwa ananifunika kwa kelele, nikamsimamisha. Mimi! Nikamwambia hapo apunguze, wimbo si wake tena.

Akapunguza. Ikawa nzuri mno, tukacheka.

Kisha nikamwona Madam, mama yake Lulwa, mlangoni. Nikaganda. Kuku alikuwa jikoni na mimi naimba. Akatutazama sana, halafu akauliza, "Ijumaa utakaa wapi?"

Basi, ameniruhusu.

Alhamisi, 8 Machi
Naogopa. Kumwimbia Baba, kafili aliyenidhamini, sebuleni kwake! Hata chai huwa namwekea na kutoka. Akiona ni dharau, lawama ni yangu, si ya binti. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko mikononi mwake.

Nimekunywa tangawizi mara nne. Lulwa naye hali chakula.

Ijumaa, 9 Machi
Baada ya chakula. Baba kwenye kochi, simu mkononi. Mimi kwenye kiti cha plastiki kando ya pazia. Madam ndiye aliyechagua mahali.

Lulwa alianza sehemu ya kwanza vizuri, peke yake. Mwishoni mimi niliingia mapema, noti mbili nzima. Aibu. Lakini yeye si simu: aliivuta noti yake mpaka nikatulia, tukaendelea.

Wimbo uliporudi niliimba nikitazama zulia. Fidla ilikuwa juu yangu, nyembamba, haiharakishi. Tulipomaliza nikainua macho. Baba alikuwa ameiweka simu chini.

Baba akamuuliza Lulwa, "Mbona mwishoni yeye ndiye mwenye wimbo?"

"Imeandikwa hivyo, baba. Mimi nilishauimba."

Akafikiri. Kisha akanigeukia mimi. "Rudieni hapo mwisho."

Tulirudia mara mbili. Mara ya pili alifumba macho. Akamwambia binti alete fomu za chuo cha muziki, azisome.

Nikaenda kuosha vyombo. Nikavunja kikombe. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 10 Machi
Baba amerudi Riyadh. Fomu ziko mezani, zimesainiwa.

Asubuhi nikianika nguo nilimpigia dada yangu Kakamega. Nikamweleza yote. Akauliza wimbo unasemaje. Nikamwambia hauna maneno.

Akasema, "Basi niimbie hivyo hivyo."

Nikaweka simu juu ya ukuta, nikamwimbia mpaka shuka zikaisha.