Mgeni wa Kuku Hula Mwisho

Aziziya, Jeddah,
Ijumaa, 7 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Roseline,

Hujambo? Mguu wa Mama umepata nafuu? Na Beverly wako, lile jino lililokuwa likimliza limeng'oka? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mikono imekauka kwa sabuni, unajua kazi zetu za huku. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu Valary, mwenzangu wa kazi huku, anakuja likizo Jumapili na ataibeba, na kwa sababu wewe ukitumiwa ujumbe wa sauti mrefu huusikiliza nusu.

Kilio chako cha juzi kwenye simu hakijanitoka masikioni. Kuku ishirini na tisa ndani ya siku tano! Nililia nawe jikoni kwa watu hadi madam akadhani nimefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa. Kuku hao ndio waliokutoa Riyadh baada ya miaka minne, na ndio tuliowategemea wakuzuie usirudi tena.

Sasa nisikilize. Hilo si jicho la mtu, wala Shangazi Miriam hakukuroga. Hicho ni kideri: kuhara kijani, shingo kupinda, kisha banda zima kwisha. Shangazi alikuletea jogoo wa kukukaribisha nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, nawe kwa furaha ukamtia bandani siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kuku, mgeni alikuja na wenyeji wakaisha.

Usidhani najigamba, hata mimi nilifunzwa huku. Mama yake madam anafuga kuku juu ya paa, karibu na matangi ya maji, nami ndiye mwangalizi wao. Mwaka jana kaka yake alimletea kuku wawili, nikakimbilia kuwachanganya na wenzao. Bibi huyo akanipigia kelele, "Mafi, Keziah! Mafi!" yaani hapana. "Hao peke yao!" Wakatengewa kizimba chao kwa wiki tatu. Kila asubuhi niliwalisha wenyeji kwanza na wageni mwisho, na kabla ya kwenda kwa wageni nilibadilisha ndara. Moyoni nikasema, kumbe hata kuku hubaguliwa! Kwetu mgeni ndiye hupakuliwa kwanza. Siku ya kumi mgeni mmoja akaanza kukoroma na kutoa makamasi. Wa Bibi hawakupiga hata chafya. Nikafyata ulimi.

Kwa hivyo zawadi usikatae, utakosana na ukoo mzima. Pokea, shukuru, pika chai. Halafu kuku huyo akae upande wa pili wa nyumba wiki tatu, na chombo chake cha maji kisitumiwe na wengine. Matandiko yote ya banda la zamani choma, banda lenyewe lisugue, lipake chokaa, kisha uliache tupu mwezi mzima.

Na chanjo, Roseline, usinipe tena hadithi. Ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Kichupa hutosha kuku mia, kwa hivyo nunueni na majirani, kiletwe kwenye barafu, mchanje wote siku moja. Anza kwa kumwita Shangazi Miriam. Najua humsalimii tangu kuku wafe. Mwite.

Yule kuku mweusi anayelala jikoni kwa Mama, mliyekuwa mkimfukuza kwa ufagio, ndiye peke yake aliyepona, na sasa unajua kwa nini. Umesema analalia mayai kumi na manne tangu Jumatatu. Usimhamishe. Mwekee maji na mtama karibu. Wiki ikiisha, mulika mayai kwa tochi ya simu. Lenye mishipa li hai, lisilo na kitu litoe.

Sasa lile uliloniomba. Nimemuuliza madam. Dada yake wa Riyadh anatafuta mtu wa kazi, na aliposikia ni wewe alikubali mara moja. Viza inaweza kutoka baada ya Idi. Sikufichi. Lakini nakumbuka Beverly alivyokuita "anti" mwezi mzima uliporudi, na nakumbuka sauti yako siku alipokuita mama. Inaniuma kufikiri utaanza tena.

Nimemwomba madam asubiri hadi tarehe 24, mayai yatakapotimiza siku ishirini na moja. Siku hiyo usinipigie kuniuliza viza. Piga, usiseme kitu, weka simu karibu na kuku. Nikisikia vifaranga wawili tu wakilia, namwambia madam halas, basi, huji. Nikisikia kimya, tutazungumza upya, na sitakulaumu.

Nisalimie Mama, Jeremiah na watoto wake, na Shangazi Miriam mara mbili. Mungu aibariki mikono yako, na kila kilicho chini ya mabawa ya yule mweusi.

Dada yako akupendaye, aliye mbali kwa miguu tu,
Keziah

N.B. Ndara za kijani alizobeba Valary si za kwendea kanisani. Ni za banda la wageni.