Katani Nyeusi Ndani ya Kamba

Jumatano. Hapa Ndalu kumenyesha tangu alfajiri. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Leo nimekaribia kuua mtu.

Wiki mbili zilizopita nilikwangua majani ya mkonge, nikaosha katani na kuianika uani. Mvua ikaja nikiwa kanisani. Niliporudi ilikuwa imelowa chapachapa, nami kwa uvivu nikairundika jikoni vivyo hivyo. Siku ya tatu ilikuwa nyeusi, inanuka, ukivuta inakatika. Mama alinifundisha kwamba katani ya namna hiyo ni ya kutupa. Mimi nikaisokota ndani, nikaizungushia nyeupe juu. Zikatoka kamba tatu za kupendeza, nikaziuza sokoni.

Nilijiambia ni za kufungia ng'ombe. Hapa kwetu nani hununua kamba ya kitu kingine? Ikikatika, ng'ombe atakula mahindi ya jirani, mtagombana, basi.

Jana mchana dada yangu Nekesa, aliyeolewa Sirisia, alinipigia simu akicheka. "Ati kamba zako zimefika huku! Wafula wa visima anaringa na yake, bana. Kesho anashuka nayo kwa kisima chetu kutoa matope."

 Nikamwambia amzuie, lakini sababu sikusema. Niliona aibu. Akadhani natania.

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Bungoma, nyingine mpaka Sirisia, nikiomba njia nzima. Nilimkuta Wafula kando ya kisima, amevua viatu, kamba iko kiunoni. Nikapiga kelele kama mwendawazimu. Akaifungua, nikaufumua msokoto mbele yake, nikavuta katani ya ndani. Ilikatika bila hata nguvu.

Hakunitukana. Alichungulia kisimani, kisha akaniuliza polepole, "Mama, si ulijua?"

Nilijua.

Kamba ya pili imefunga ndama wa jirani, nimeshambadilishia. Ya tatu ndiyo inayoninyima amani. Ilichukuliwa na baba mmoja aliyekuwa anarudi Kitale. Jina lake silijui. Kesho nitakuwa Kitale, nimtafute nikiulizia duka kwa duka, na safari hii sababu nitaisema.

Naogopa sana. Siku ile aliivuta mara mbili, akaniuliza kama inaweza kubeba uzito.

Nilicheka, nikamwambia, "Hata wewe mwenyewe."